Sura ya Saba: Adui wa Madoadoa

Februari 1962 jarida la Detective Comics lilitimiza toleo lake la 300. Lilikuwa limeanza kutoka mwaka 1937, na ndani yake ndimo Batman alimozaliwa mwaka 1939. Leo kampuni ya katuni ikifikia namba kama hiyo hutoa toleo nene lenye jalada la fahari, na humleta adui mkubwa kuliko wote ili wasomaji wajue kwamba wako kwenye sherehe. Mwaka ule, msomaji aliyetoa senti 12 za Kimarekani alikutana na mtu asiyemjua, aliyevaa nguo ya kubana iliyojaa madoa ya rangi kuanzia utosini hadi miguuni. Jina lake la uhalifu lilikuwa Polka-Dot Man. Jina la nyumbani kwao lilikuwa Abner Krill.

Madoa yale hayakuwa pambo. Krill aliweza kubandua doa moja kwenye vazi lake na doa hilo likawa silaha. Akabandua jingine likawa chombo cha ajabu cha kutorokea. Hata wizi wake aliupanga kwa kufuata madoa na vitone, kana kwamba jiji zima la Gotham lilikuwa kitambaa cha kuchezea. Alifanikiwa kumteka Robin. Kisha Batman akamshinda, akapelekwa jela, na hadithi ikaisha. Baada ya hapo alitoweka kwa zaidi ya miaka 30.

Katika sura zilizotangulia tumekaa na wakubwa: maadui ambao hata mtu asiyewahi kufungua kitabu cha katuni anawajua kwa sura. Sasa nataka tukae na mdogo. Yeyote aliyekulia kwenye vibanda vya video anaujua mpangilio huu. Yuko steringi, yuko adui mkuu, na wako wale wanaotangulia kupigwa ili steringi aonekane hodari. Hao wa kupigwa hatuulizi wametoka wapi. Polka-Dot Man ni mmoja wao, na maisha yake ya miaka 60 yananifundisha jambo ambalo Joker hawezi kunifundisha: mhusika hudumaa pale ambapo hakuna aliyepewa ruhusa, muda wala malipo ya kumuuliza ameumia wapi.

Kanuni iliyokataza huruma

Tuanze na ruhusa, maana neno hilo nimelitumia kwa maana yake halisi.

Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili wa New York, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kiitwacho Seduction of the Innocent. Alidai kwamba vitabu vya katuni vinawapotosha watoto na kuwasukuma kwenye uhalifu. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilifanya vikao kuhusu suala hilo, na wachapishaji wakaingiwa na hofu ya kuwekewa sheria na serikali. Wakaamua kujifunga wenyewe. Waliunda chombo cha ukaguzi, Comics Code Authority, kilichosoma kurasa kabla hazijachapwa na kuweka muhuri wake kwenye jalada la jarida lililopita. Jarida lisilo na muhuri lilikuwa na shida kubwa ya kupata wasambazaji.

Kanuni zilikuwa nyingi, na baadhi yake zilieleweka: kupunguza damu, kupunguza mateso, kuondoa mazombi na vampaya. Mojawapo ndiyo inayomhusu Abner Krill moja kwa moja. Ilikataza uhalifu kuonyeshwa kwa namna itakayomfanya msomaji amhurumie mhalifu. Katika kila hali, wema ulipaswa kushinda na mhalifu kuadhibiwa.

Fikiria unamwandikia Batman chini ya kanuni hiyo. Adui wako hawezi kuua kwa namna ya kutisha. Hawezi kuwa na uchungu unaomgusa msomaji. Hawezi kushinda, hata kwa siku moja. Na bado kila mwezi anahitajika adui mpya, kwa sababu Batman alikuwa na jarida lake mwenyewe na pia alitokea katika Detective Comics. Ukimnyima adui hatari na ukamnyima huzuni, kinachobaki ni mavazi na kifaa. Ndiyo maana miaka ile ilijaa watu wa mavazi na vifaa. Calendar Man aliyeiba kwa kufuata kalenda alitokea mwaka 1958. Zebra-Man mwenye milia alitokea Januari 1960. Kite Man aliyeruka kwa tiara alitokea Agosti 1960. Polka-Dot Man aliwafuata.

Watu wengi wanaowacheka maadui hawa hudhani waandishi wa zamani walikuwa watu wa akili ndogo. Mimi naona kinyume chake. Naona mafundi waliofungwa mkono mmoja nyuma ya mgongo, wakaambiwa wamfurahishe mtoto wa miaka kumi bila kumtisha na bila kumliza, wakafanikiwa. Madoa yanayobanduka na kugeuka silaha ni wazo la kuchora: mtoto anaona duara kwenye nguo, anafunua ukurasa, duara limekuwa chombo kinachoruka. Katika karatasi ya bei rahisi yenye rangi chache, hiyo ni raha ya kweli, na aliyeibuni alijua anachokifanya.

Wawili wasiotajwa

Aliyeandika hadithi ile alikuwa Bill Finger. Aliyeichora alikuwa Sheldon Moldoff. Msomaji wa mwaka 1962 hakuwa na njia ya kujua hata jina moja kati ya hayo mawili. Jina pekee lililoambatana na Batman lilikuwa la Bob Kane.

Bill Finger alizaliwa Denver, Colorado, mwaka 1914, akakulia Bronx, New York. Alikuwa muuza viatu mwenye ndoto ya uandishi alipokutana na Kane. Mwaka 1939 Kane alipokuwa akitafuta shujaa wa kuuza, alimwonyesha Finger mchoro wa mtu mwenye nguo nyekundu na mabawa magumu, uso umefichwa kwa kibandiko kidogo cha macho. Finger ndiye aliyependekeza kofia yenye masikio ya popo, macho meupe yasiyo na mboni, joho badala ya mabawa, na rangi ya kijivu. Ndiye aliyempa Batman jina la Bruce Wayne. Ndiye aliyeliita jiji lake Gotham. Aliandika hadithi ya kwanza kabisa, na katika miaka iliyofuata alikuwa na mkono katika kuwabuni Joker, Penguin, Catwoman, Two-Face na Riddler.

Kane alikuwa na mkataba uliompa jina peke yake. Finger alilipwa kwa kazi aliyoileta, basi. Hakupata sehemu ya mauzo ya vinyago, wala ya filamu, wala ya tamthilia. Alikuwa na madaftari ambamo aliandika mambo ya ajabu aliyoyasoma au kuyaona, akiyaweka akiba kwa ajili ya hadithi zijazo: jinsi mashine fulani inavyofanya kazi, vitu vikubwa kupita kiasi ambavyo Batman angeweza kupigania juu yake, hila za wezi. Wahariri walimjua kama mtu mwenye kipaji kikubwa aliyechelewesha kazi. Nikisoma maelezo hayo namwona mtu aliyekuwa akipalilia kila hadithi kwa bidii, huku malipo yake yakiwa hayatofautishi kazi iliyopaliliwa na kazi iliyolipuliwa.

Sheldon Moldoff, aliyezaliwa New York mwaka 1920, alikuwa na mapatano ya namna nyingine. Kuanzia mwaka 1953 hadi 1967 alimchorea Kane kwa siri. Kane alipokea kazi kutoka kwa kampuni kana kwamba anachora mwenyewe, kisha Moldoff akaichora, na ukurasa ukachapishwa kwa saini ya Kane. Kwa hiyo picha za Batman walizokua nazo watoto wa Marekani wa miaka ya hamsini na sitini, kwa sehemu kubwa, zilitoka kwenye meza ya mtu ambaye hawakuwahi kusikia habari zake.

Hebu yatazame mambo haya kwa pamoja. Mhusika asiyejulikana aliandikwa na mtu asiyejulikana, akachorwa na mtu asiyejulikana, ndani ya toleo lililokuwa la maadhimisho. Krill alikuwa na jina la uhalifu, jina la nyumbani na vazi lililoonekana kutoka mbali. Waliomuumba hawakupewa hata mstari mmoja chini ya ukurasa.

Ndugu zake waliobahatika

Mtu anaweza kusema Polka-Dot Man alisahaulika kwa sababu wazo lake lilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Nilikuwa tayari kuliamini jibu hilo, lakini historia ya meza ileile inalikataa.

Toleo la 298 la jarida hilohilo, la Desemba 1961, lilimleta Matt Hagen, Clayface wa pili, mtu anayeweza kugeuza mwili wake kama udongo. Waliomtengeneza ni Finger na Moldoff, wawili walewale, matoleo mawili tu kabla ya madoadoa. Clayface aliendelea kurudi, akapata warithi wa jina lake, na hadi leo ni mmoja wa maadui wakuu wa Batman.

Rudi nyuma hadi Februari 1959. Katika Batman namba 121 alitokea mhalifu aitwaye Mr. Zero, aliyetumia bunduki ya barafu na aliyelazimika kuishi kwenye baridi. Mwandishi alikuwa Dave Wood, na mchoraji alikuwa Moldoff tena. Mr. Zero alikuwa mtu wa vazi na kifaa kama Krill, na angeweza kufa kifo kilekile cha kusahauliwa. Kilichomwokoa kwanza ni tamthilia ya televisheni ya mwaka 1966, iliyomwita Mr. Freeze. Kilichomwokoa kwa kweli kilikuja mwaka 1992. Katika katuni ya televisheni Batman: The Animated Series, mwandishi Paul Dini na mwongozaji Bruce Timm walitengeneza kipindi kiitwacho Heart of Ice. Walimpa Freeze mke anayeitwa Nora, mgonjwa mahututi aliyegandishwa ili asife kabla tiba haijapatikana, na tajiri aliyekatiza jaribio la kumwokoa. Bunduki ya barafu ilikuwa ileile, na baridi ilikuwa ileile. Ila sasa baridi ilikuwa na sababu. Maandishi ya kipindi hicho yalishinda tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana, na tangu hapo hakuna mwandishi makini anayemwandika Freeze bila Nora.

Au mchukue Riddler, mwenye vitendawili. Alitokea mara mbili mwaka 1948, kisha akatoweka. Alirudishwa Mei 1965 katika Batman namba 171, na kwa kuwa alikuwa amerudi karibuni, watengenezaji wa tamthilia walimweka katika kipindi cha kwanza kabisa kilichorushwa Januari 12, 1966, akiigizwa na Frank Gorshin. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwita mdogo. Lile toleo la 1965 lisingechapishwa, huenda leo Riddler angekuwa jina katika orodha ya maadui wa kuchekesha, pembeni ya Krill.

Calendar Man naye, mtu wa tarehe na sikukuu, alikuwa kichekesho kwa karibu miaka 40. Jeph Loeb na Tim Sale walipotengeneza The Long Halloween, iliyoanza kutoka mwaka 1996, walimfungia seli, wakamvua rangi zake, wakampa utulivu wa mtu anayejua siri ya muuaji wa sikukuu. Akawa wa kuogopwa.

Wanne hawa wananionyesha njia mbili za mhusika mdogo kukua. Moja ni bahati, yaani kuwa mahali sahihi watu wa televisheni wanapotafuta sura. Nyingine ni mtu mmoja kukaa chini akaichukua ile dosari inayochekesha na kuiuliza inauma vipi. Krill hakupata bahati mwaka 1966, wala hakupata mtu wa kumuuliza.

Miaka ya kichekesho

Alichokipata ni kicheko. Mwaka 1996, katika mfululizo mfupi wa GCPD unaohusu polisi wa Gotham, alirudi kwa muda mfupi na kupigwa vibaya na mpelelezi Harvey Bullock. Umuhimu wake katika hadithi ile ni kipigo chenyewe, kwa sababu kinatuonyesha hasira za Bullock. Mwaka 2009, katika Final Crisis Aftermath: Run!, aliwekwa kwenye jeshi la wahalifu wa vifaa ambao walifanyiwa upasuaji ili silaha zao zitoke mwilini badala ya kwenye vazi. Sasa aliweza kubandua madoa kwenye ngozi yake mwenyewe. Kisha, katika vurugu ya mwisho, kifuniko cha chuma cha shimo la barabarani kilimwangukia kichwani na kuonekana kumuua. Mwaka 2017 The LEGO Batman Movie ilimweka kwenye orodha ya maadui wa ajabu ambao mtazamaji anaona kama wametungwa papo hapo kwa ajili ya utani, hali wengi wao walikuwa wamechapishwa kweli miaka mingi kabla.

Sina ugomvi na kicheko. Watu waliozirudisha sura hizi kwa utani mara nyingi walizipenda, la sivyo wasingezikumbuka. Lakini tazama ile hadithi ya 2009 kwa makini. Watunzi walikuwa wameyahamisha madoa kutoka kwenye nguo hadi kwenye ngozi. Walikuwa wamefika mlangoni. Kilichobaki ni swali moja tu, nalo ni mtu huyu anaishi vipi na ngozi ya namna hiyo. Badala yake wakaangusha kifuniko cha chuma.

Na wakati huu hapakuwa na kanuni ya kusingizia. Comics Code ilikuwa imelegezwa mwaka 1971, ikaruhusu mhalifu aonyeshwe kwa huruma. Kufikia mwaka 2011 kampuni za mwisho zilizokuwa zikiifuata ziliiacha kabisa. Mazoea yalikuwa yamechukua nafasi ya sheria. Watu walikwisha kukubaliana kwamba Krill ni wa kuchekwa, na makubaliano ya namna hiyo hukaa muda mrefu kuliko muhuri wowote.

Ngozi

Mwandishi na mwongozaji James Gunn alipokuwa akitayarisha filamu ya The Suicide Squad, alisema wazi kwamba alimtafuta mhusika anayeonekana wa kijinga kuliko wote katika hazina ya DC, kampuni inayochapisha Batman. Akampata Abner Krill. Hapo hadithi ingeweza kuendelea na kicheko kilekile. Filamu ilipotoka mwaka 2021, wengi wa watazamaji waliingia wakitarajia hilo.

Gunn aliuliza swali. Katika filamu, mama yake Krill ni mwanasayansi wa maabara ya S.T.A.R. Labs aliyetamani watoto wake wawe mashujaa, akawafanyia majaribio. Krill akaambukizwa virusi kutoka ulimwengu mwingine. Madoa sasa ni ugonjwa: humea ndani ya mwili, humvimbisha uso kwa rangi zinazong'aa chini ya ngozi, na asipoyatoa mara mbili kwa siku yatamla akiwa hai. Kila anapoyarusha, yanayeyusha kinachogusana nayo. Uwezo ule ambao mwaka 1962 ulikuwa mchezo wa kubandua umekuwa mzigo wa kujitua kila asubuhi na kila jioni. Na popote anapotazama, Krill anaona uso wa mama yake. Ili aweze kupigana, inabidi amwone mama yake mbele ya silaha.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Sijui muhtasari bora zaidi wa mhusika huyu. Miaka yote tulilitazama kovu kama pambo.

Aliyemwigiza ni David Dastmalchian. Kabla ya hapo watazamaji wengi walikuwa wamemwona bila kumjua jina: katika The Dark Knight ya mwaka 2008 alikuwa mmoja wa vijana wa Joker, sura ya dakika chache, yaani mmoja wa wale wanaotangulia. Dastmalchian ana vitiligo, hali inayofanya ngozi ipoteze rangi na kubaki na mabaka. Amesema hadharani kwamba utotoni alichekwa kwa sababu ya mabaka hayo. Amezungumza waziwazi pia kuhusu msongo wa akili na uraibu aliopitia. Kwa hiyo mtu aliyekabidhiwa vazi la madoadoa alikuwa mtu aliyejua ni nini kuingia chumbani na watu wakaitazama ngozi yako kabla ya kukutazama wewe.

Hilo linaonekana katika uigizaji wake. Hapandishi sauti. Anasimama kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Wenzake wanapopiga soga, yeye yuko hatua moja nyuma, mikono imeshuka, macho yakikwepa. Karibu na mwisho, wakimkabili Starro, samaki-nyota mkubwa kama jengo, Krill anaombwa atumie madoa yake. Anamwona mama yake akiwa na ukubwa wa jitu, anarusha, na jitu linaumia. Anapiga kelele kwamba yeye ni shujaa, kwa furaha ya mtoto. Sekunde chache baadaye anapondwa na kufa.

Wapo waliosema kifo hicho ni utani mwingine wa kumwangushia kifuniko. Siafiki. Mwaka 2009 msomaji hakupoteza kitu. Mwaka 2021 mtazamaji alikuwa amekaa na Krill kwa zaidi ya saa moja, akajua anachokiogopa, akamwona akikishinda. Kifo kilekile cha ghafla sasa kinakuacha na mtu wa kumlilia, na tofauti hiyo yote imeletwa na taarifa chache kuhusu ngozi na mama.

Deni

Bill Finger alifariki New York Januari 1974, akiwa na umri wa miaka 59. Mwaka 1966 jina lake lilikuwa limetokea kwenye skrini, kwa kuwa yeye na Charles Sinclair waliandika vipindi viwili vya tamthilia ya Batman, vile vya Clock King. Lakini kama mwanzilishi wa Batman alikufa bila kutajwa. Kane mwenyewe, katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1989, alikiri kwamba Finger hakupata heshima aliyoistahili. Wakati huo Finger alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 15.

Waliolipa deni hilo walikuwa wengine. Mwaka 2005 ilianzishwa tuzo yenye jina lake kwa ajili ya waandishi wa katuni wasiopewa haki yao, na aliyeipigania ni Jerry Robinson, mchoraji aliyefanya kazi pamoja naye ujanani. Mwandishi Marc Tyler Nobleman alitumia miaka kutafuta kumbukumbu na jamaa za Finger, akachapisha kitabu cha watoto kuhusu maisha yake mwaka 2012. Mjukuu wake, Athena Finger, alidai haki ya babu yake hadharani. Mwaka 2015 kampuni ya DC ilikubali, na tangu wakati huo Batman hutajwa kuwa ameumbwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Mwaka 2017 kona moja ya Bronx, karibu na bustani ambako yeye na Kane walikuwa wakikaa kupanga hadithi, ilipewa jina lake.

Moldoff aliishi hadi mwaka 2012. Aliwahi kuhudhuria mikutano ya mashabiki, akaelezea miaka ile ya siri, na watu wazima waliokua na michoro yake wakajua hatimaye mkono ulikuwa wa nani.

Naamini historia hizi mbili, ya mhusika na ya waliomuumba, ni historia moja. Krill alinyimwa maisha ya ndani kwa sababu kanuni na ratiba hazikuyahitaji. Finger na Moldoff walinyimwa majina kwa sababu mkataba haukuyahitaji. Kote kuwili kilichofanya kazi kilichukuliwa na aliyekifanya kufanya kazi akaachwa. Na kote kuwili marekebisho yalianza pale mtu mmoja alipokataa kuridhika na jibu la mazoea: Gunn na Dastmalchian kwa Krill, Robinson, Nobleman na Athena Finger kwa Bill. Hawakuongeza kitu ambacho hakikuwepo. Madoa yalikuwepo tangu 1962. Kazi ya Finger ilikuwepo tangu 1939.

Kwa mwandishi anayesoma sura hii akiwa na hadithi yake mkononi, nina ombi moja. Mpitie mhusika wako mdogo kuliko wote, yule uliyemweka ili apigwe ukurasa wa tatu. Chukua kile ulichompa ili achekwe, awe kigugumizi, au vazi, au kilema, au jina la ajabu, kisha umuulize alianza lini kuwa nacho na huwa anakifanyia nini akiwa peke yake. Labda hutatumia jibu lote. Lakini ukurasa wa tatu hautakuwa uleule. Na kwa msomaji, ombi ni jepesi zaidi: kabla hujafunga kitabu, soma ile mistari midogo inayosema nani ameandika, nani amechora, nani ametia wino. Mistari hiyo watu wameipigania, na mingine ilichelewa miaka 76.

Bado yupo ndugu wa Krill ambaye hatujamsikiliza. Kite Man alitoka kwenye kalamu ileile ya Bill Finger mwaka 1960, akachekwa muda mrefu vilevile, na mwaka 2017 mwandishi Tom King alimpa mtoto wa kiume na msiba. Yeye alipanda juu zaidi kuliko Krill, hadi kupata kipindi cha televisheni chenye jina lake mwaka 2024. Sura inayofuata ni yake, na tutaianza na mtoto huyo.